Tarehe Isiyogeuka

Fundi saa huyu huongea na saa kuliko anavyoongea na watu. Akishaifungua tu, huiinamia na lenzi yake jichoni, akaiuliza, "Haya bibie, unaumwa wapi?" Vidole vyake ni vinene, lakini vikishika kibano huwa vyepesi kama vya msusi. Juzi mama mmoja mtu mzima alimletea saa ya marehemu mumewe, ya betri, ya Uswisi. Mashine yake ilikuwa imekufa, na za aina ile zimeacha kutengenezwa kitambo. Fundi akapekua makopo yake, akijaribu hii na ile. Moja nene mno, nyingine mishale haikushika. Mwishowe akapata iliyokaa humo kama pete na kidole, ila haikuwa na tarehe. Akajikuna kisogo kwa haya.

"Mama, kidirisha cha tarehe kitabaki kitupu. Labda nibandike namba, lakini haitageuka."

"Bandika kumi na saba, mwanangu. Ndiyo tarehe aliyonioa, na kila mwaka alikuwa akiisahau."

Fundi akacheka hadi lenzi ikamdondoka jichoni.