Mrija wa Pili

Pale kijijini Pito, pombe ya Bertilla haikuwa na mpinzani, na sababu yake haikuwa siri. Wanawake wengine walichota ikiwa bado chafu, wakawatafunisha watu machicha. Bertilla alingoja. Alijaza kidogo kwenye chupa, akaiinua mlangoni penye mwanga, akatazama machicha yanavyoshuka. Yakianguka upesi, alijua kimea kimeharibika, na pombe yote akawapa nguruwe. Yakishuka polepole, kwa adabu, aliita wanywaji. Miaka nenda rudi jicho hilo halikumdanganya, naye akaliamini kuliko alivyomwamini padri.

Mumewe, Zenon, alikuwa mkulima wa mbolea ya dukani. Serikali ilipokuwa ikibeba sehemu ya bei, alivuna mahindi bila kuinama sana. Kisha likaja soko huria. Ruzuku ikaondolewa, mbolea ikawa kitu cha kutazamwa tu, na Wafipa wakarudi kwenye ntumba, yale matuta ya duara ya babu zao, ambamo majani hufukiwa yaoze yarutubishe udongo. Ni kilimo kizuri kwa kijana. Zenon alikuwa amevuka hamsini.

Mvua za mwaka ule kifua kikaanza kumbana. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini Zenon hakuficha kitu. Alitua jembe akasema waziwazi, "Mama Epifania, hapa katikati pananibana kama mtu kanikalia. Nikipumzika panaachia."

Wakaenda hospitali mjini. Daktari Adolfu, kijana mpole, akaagiza damu ipimwe. Mpimaji akaiingiza kwenye mrija mwembamba wa kioo, akausimamisha wima, akasema wangoje saa nzima. Wengine walitoka nje kuota jua. Bertilla alibaki kaukodolea macho. Wekundu wa damu ulikuwa unazama, na juu yake yakabaki maji ya manjano. Ulizama upesi. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Hofu ilimshika pale pale kwenye benchi.

"Mwilini mna uvimbe mahali fulani, mna moto," daktari alisema. "Ila damu inatuonyesha moshi tu, mama. Haituonyeshi nyumba inayoungua. Inaweza kuwa hili jino lake lililooza. Mimi naogopa mishipa ya moyo, na hiyo inataka mashine ya Mbeya."

Akaling'oa jino, akampa sindano na vidonge, akawaambia warudi. Waliporudi, Bertilla aliutazama mrija wa pili kama alivyozoea kuitazama chupa yake. Damu ilishuka polepole, kwa adabu. Alifurahi hata machozi yakamtoka mbele ya watu.

"Moto umepungua," Daktari Adolfu alikubali. "Lakini Mbeya nendeni vilevile. Penye jino pamepona. Moyo sijauona."

"Asante, mwanangu," Bertilla alisema, na akili yake ilikuwa imeshafika kwenye kimea.

Maana shamba lilikuwa linangoja, na mvua haimsubiri mtu. Aliyesita ni Zenon mwenyewe.

"Labda twende kwanza huko Mbeya," alisema jioni ile wakila.

"Baba Epifania, damu yako nimeiona kwa macho yangu. Imetulia. Ukienda Mbeya, ntumba atapiga nani?"

Zenon akamega tonge jingine. Mkewe hakuwahi kukosea mbele ya chupa.

Bertilla akapika pombe ya kualika majirani waje kulima, kama ilivyo desturi. Na desturi ina sharti lake: mwenye shamba ndiye anayefungua tuta la kwanza, wageni wakimtazama. Zenon akatema mate viganjani. Akakata majani, akayakusanya, akayafunika udongo, na tuta la kwanza likasimama. La pili alilifikisha nusu. Akapiga magoti taratibu kama anayetafuta kitu kilichomdondoka, kisha akalala ubavu juu ya majani yale. Bertilla alikuwa bado njiani, na ndoo ya pombe kichwani.

Pombe ya kulimia ikanywewa matangani. Watu waliisifu kwa sauti ya chini, kwamba ilikuwa safi, haina hata punje ya machicha. Hakuna aliyemlaumu Bertilla, na hilo lilimuumiza kuliko lawama.

Baada ya arobaini akashuka mjini. Daktari Adolfu alimwona mlangoni, akainuka.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba." Hakukaa. "Ule mrija wa pili. Mpimaji alikosea?"

Alikuwa ameomba njia nzima jibu liwe ndiyo. Angempata mtu wa kumchukia, na usingizi ungerudi.

"Hakukosea, mama. Moto ulikuwa umepungua kweli."

"Na mimi niliona sawasawa?"

Kijana alitazama chini. "Uliona sawasawa."

Bertilla akarudi Pito. Anapika hadi leo, kwa kuwa njaa haijui matanga. Lakini hangoji tena, na ile chupa haionekani mlangoni. Anaikoroga pombe mpaka chini kabisa, anachota ikiwa chafu na machicha yake yote. Wateja wake wa zamani wananung'unika, wengine wamehamia kwa jirani. Yeye anaendelea kukoroga.