Chachu Niliyoifukiza

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, niliamini kabisa kwamba uhai wa mama yangu umo ndani ya chupa ya mdomo mpana iliyokaa juu ya friji, nyumbani kwetu Khuwair ya Kusini. Jambo hilo sikulibuni mimi. Mama aliniambia mwenyewe, na hakuwa mtu wa kusema ovyo.

Mama ni Mpolandi. Baba, akiwa kijana wa Unguja, alikwenda kwao kusomea uhandisi, akatoka huko na shahada na mke, na baadaye wakahamia Maskati walikokuwa ndugu zake. Jina la mama ni Hanna, jina ambalo Bibi, mama yake baba, alilipokea kwa furaha kwa sababu halikumpa tabu ulimini. Vyakula vyake ndivyo vilivyompa tabu. Pierogi, vipande vya unga vinavyojazwa viazi na jibini, vikakunjwa na kuchemshwa, Bibi aliviita sambusa za wagonjwa. Kabichi ya kuchachusha alisema ni achari iliyosahau pilipili. Alikuwa akila lakini, tena akiongeza.

Kilichomshinda ni zhurek, supu ya uchachu. Supu hii inaanzia kwenye unga wa rai, nafaka ya kwao, ambao mama aliuleta sandukuni kila tulipotoka likizo. Unakorogwa kwa maji ya uvuguvugu, vinatumbukizwa vijino vichache vya thomu, yaani kitunguu saumu, chupa inafunikwa kwa kitambaa na kuachwa mpaka mchanganyiko uchache na kutoa mapovu. Hiyo ndiyo chachu. Mama hakuwahi kuimaliza: alichota ya kupikia, akabakisha kidogo, akailisha unga mpya. Kwao supu hiyo huliwa na yai la kuchemsha na soseji ya nguruwe. Kwetu soseji ilikuwa ya ng'ombe, na Bibi hata hivyo alikichunguza kila kipande kabla ya kukitia mdomoni.

Ila kulikuwa na jambo moja walilopatana. Mama alisimulia kwamba kwao chombo cha chachu hakioshwi, hakiazimwi, na mgeni haruhusiwi kukisifia kilichomo, la sivyo kinakufa. Bibi akaitikia kwa kichwa.

"Kumbe na Wazungu wanakijua kijicho," alisema.

Mwaka huo mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Baada ya mimi zilikuwa zimeharibika mbili, kwa hivyo hii tuliibeba sote nyumbani, hata mimi niliyekatazwa kukimbia karibu naye. Baba alikwishachagua jina: akiwa mwanamume, Yahya. Halafu presha ikampanda mama, miguu ikavimba, na daktari akasema abaki hospitali alale mpaka siku zifike. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini.

Asubuhi ya kuondoka nilimganda kiunoni. Baba alikuwa keshawasha gari. Mama akanichukua jikoni, akaishusha ile chupa na kuniwekea mikononi.

"Asubuhi kijiko kimoja cha unga, na baada ya alasiri kijiko kimoja. Unakoroga kwa mwiko wa mbao," alisema.

"Na nikisahau?"

Akafikiri kidogo. "Hutosahau. Maadamu hii inapumua, na mie napumua, na mdogo wako anapumua. Wewe nichungie hii, mie nitakuletea mdogo wako. Sawa?"

Nikasema sawa. Nikanyamaza kulia hapo hapo, na yeye akaenda.

Bibi alikuja kutoka Al Amerat kukaa nasi. Sidhani kama kuna askari aliyewahi kulinda kitu kama nilivyoilinda chupa ile. Nikirudi skuli nilipanda kiti, nikatega sikio penye kitambaa, nikasikia vile vipovu vikipasuka kimoja kimoja, ndipo nikavua viatu. Siku nane zilipita hivyo. Baba alirudi kila jioni kutoka hospitali akisema mama hajambo, na mimi nilikuwa najua kabla hajasema.

Siku ya tisa akaja shangazi Zuwena, dada yake baba, kuuliza hali. Shangazi Zuwena ana moyo mzuri na mdomo usio na breki. Aliingia jikoni kutafuta maji, akaiona chupa, akafunua kitambaa.

"Hee, ilivyofura hii. Sijapata kuona kitu kinafura namna hii," alisema.

Hakusema mashaallah. Nilisimama mlangoni nikisubiri aseme, hata kwa kuchelewa. Alikunywa maji yake akatoka. Mgeni amesifia, na amesifia bila kumtaja Mungu. Kwa mama ilikuwa haramu na kwa Bibi ilikuwa haramu, na mimi nilikuwa mjukuu wa pande zote mbili.

Nilimfuata Bibi. "Bibi, kitu kikipigwa kijicho kinafanywa nini?"

Alidhani namuulizia mama. Akanivuta akanipakata. "Kinafukizwa, mwanangu. Ubani na shabu, na Ayatul Kursi. Usikhofu, nnamsomea kila siku."

Bibi alipokuwa juu ya mswala anasali alasiri, nilichukua chetezo chake. Makaa yalikuwa bado mekundu, kwani alikuwa ametoka kufukiza sebule. Nikatia ubani mwingi na kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la kuondolea kijicho. Nikalitoa chumbani tenge, kile kiunzi cha mti cha kufukizia nguo, nikalisimamisha juu ya chetezo, chupa juu yake, kisha nikafunika vyote kwa taulo kama nilivyoona wanavyofukiza kanzu za Ijumaa. Nilisoma Ayatul Kursi mara saba. Nilipokosea nilianza upya, kwa hivyo huenda zilikuwa kumi na moja. Nilipokuja kuishika chupa, kioo kiliniunguza vidole.

Sikujua kwamba moto unaiua chachu. Nilijua ni kitu hai, lakini nilidhani kinaishi kama watu, kwa dua.

Asubuhi yake nilitega sikio, nikasikia kimya. Nikailisha unga vijiko viwili badala ya kimoja. Baada ya alasiri, kimya. Siku iliyofuata juu kulikuwa na utando wa rangi ya waridi na harufu ya kitu kilichooza, na jioni ile baba alirudi akala bila kusema hali ya mama. Sikumuuliza. Nilikwenda msalani nikatapika, nikasafisha mwenyewe ili Bibi asijue.

Niliwaza kumwambia Bibi. Mara mbili nilifika mpaka ubavuni mwake. Lakini ningemwambia vipi kwamba nimemuua mkwe wake kwa chetezo chake? Nikafanya kilichobaki. Nilikwangua ule utando kwa kijiko, nikatia maji ya uvuguvugu na sukari, halafu nikachukua hamira, ile Bibi anayotilia mkate wa kumimina, nikamimina kopo zima. Nikasimama juu ya kiti nikingoja. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Pumua, pumua, nakuomba pumua."

Na ikapumua. Ilifura, ikainua kitambaa, ikamwagika juu ya friji na kuteremka mpaka sakafuni. Nililia kwa furaha nikiwa nimeikumbatia. Nguo zangu zilikuwa zimerowa chachu wakati nilipousikia mlango wa mbele ukifunguliwa, saa ambayo si ya baba kurudi.

Alikuwa baba. Alizungumza na Bibi ukumbini, taratibu.

"Mtoto hatunaye, mama. Alikuwa mwanamume."

"Na Hanna?"

"Yupo. Amepoteza damu nyingi, lakini yupo."

Bibi akasema innalillahi. Mimi nilibaki jikoni nikipiga hesabu yangu, na ilikuwa hesabu fupi: moto wangu umemuua Yahya, hamira imemrudisha mama.

Mama alirudi siku ya nne. Alipita ukumbini alimokaa shangazi Zuwena na wengine waliokuja kutoa pole, akaingia jikoni moja kwa moja. Nilikuwa nyuma ya mlango. Alifunua kitambaa, akanusa. Akamimina kila kitu kwenye sinki, kisha akaiosha ile chupa kwa sabuni, chupa ambayo haioshwi. Hakuniambia neno. Hakuniangalia. Tangu siku hiyo zhurek haikupikwa tena nyumbani kwetu, na mimi nilielewa kwamba anajua.

Nimeishi na hilo zaidi ya miaka thelathini. Nimesoma, nimeolewa, nimezaa. Katika kila mimba yangu nilingojea malipo. Sikumwambia mume wangu. Mtu anaweza kuwa na digrii mbili na bado akawa na pembe moja ndani yake ambako bado ana miaka tisa.

Baba na Bibi wamekwishatangulia mbele ya haki. Mama sasa anakaa nami Al Khoudh. Mwezi uliopita binti yangu Asya alimshikilia amfundishe mapishi ya kwao ayaandike, na walipofika kwenye supu ya uchachu mama akacheka.

"Hii nilimdanganya mama yako," alimwambia. "Alikuwa ananilia asubuhi ile ya hospitali, nikamwambia hii chupa ikipumua na mie napumua. Nilitunga tu papo hapo, apate kazi ya kufanya. Kwetu chachu ikiharibika anapewa kuku, basi."

Nilikuwa nakata vitunguu. Niliendelea kukata. Nikauliza, bila kugeuka, kwa nini basi siku aliyorudi aliimwaga bila kusema nami.

Mama aliinamisha kichwa.

"Ilinuka hamira," alisema. "Nikajua imekufa na umehangaika kuifufua. Wewe ulitimiza ahadi yako. Mie niliahidi nitakuletea mdogo wako, nikaja mikono mitupu. Sikuweza kukutazama usoni, mwanangu. Wala kuipika tena sikuweza."

Asya aliacha kuandika. Ningeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwa yamekwishafika kooni, na nikamuona mama alivyoinamisha kichwa, mwanamke wa miaka sabini na kitu ambaye muda wote huo amekuwa akinionea haya, nikayameza. Nikimwambia atajua kwamba uongo wake mdogo wa kunibembeleza ulinifanyia nini, na hana tena mtoto wa miaka tisa wa kumfuta machozi. Nilikwenda kumkumbatia, nikasema ni vitunguu.

Nilitarajia kwamba baada ya siku ile nitakuwa mwepesi. Sikuwa. Sasa najua maneno yale yalitungwa jikoni kwa dakika mbili, gari likinguruma nje, wala hayakuwa na asili Poland wala Unguja. Nayajua hayo yote, na bado nikisikia mtu anaitwa Yahya nageuka kumwomba radhi.