Mlango, Sawa!

Sayo Kuramochi alikuwa amechoka kumpigia mbuzi gitaa. Mbuzi mwenyewe ni Bwana Takanezawa, mkuu wa chumba cha kujazia dawa za sindano katika kiwanda kimoja cha Toyama, ambaye tangu ujana wake amepima usafi wa hewa kwa visahani vyenye rojo ya kuoteshea vijidudu: unavitega, unavifunika, unaviweka kwenye joto, kisha unakaa siku kadhaa kusubiri vijidudu viote. Vikiota, dawa zimeshajazwa chungu nzima, na zote ni za kutupwa.

Sayo, mkaguzi wa ubora kiwandani humo, alipigania mashine mpya mpaka ikanunuliwa. Hiyo haina subira. Inavuta hewa, na kijidudu kikipita inapiga kengele papo hapo. Basi ikapiga. Ikapiga kila asubuhi, na visahani havikuota kitu.

"Bi Kuramochi, dude lako lina wazimu," alisema Takanezawa. "Likilia leo, linarudi kwa waliotuuzia. Na habari za mashine nisizisikie tena hapa."

"Basi niruhusu niingie nawe, Mkuu."

"Ingia. Na boksi lake uliweke tayari."

Waliingia wamefunikwa hadi machoni. Takanezawa akafanya kama wafanyavyo wote pale kabla ya kazi: akanyoosha kidole mlangoni, akapaza sauti, "Mlango, sawa!" Akageukia bomba la kujazia dawa: "Bomba, sawa!" Ndivyo alivyowafundisha wote, kwamba asiyepiga kelele hajaangalia.

Kengele ikalia.

Sayo akang'amua: kelele, kisha kengele. Siku zote hizi! Visahani hutegwa kelele zikiisha, hewa imeshatulia, vingeota nini?

"Mkuu, ni mdomo wako."

"Mdomo wangu umefanya nini?"

"Unapayuka mpaka pumzi yenye vijidudu inatokea pembeni mwa barakoa!" Neno lilikuwa limeshamtoka. "Samahani, Mkuu. Onyesha kwa kidole tu. Nakuomba, usiseme kitu."

Takanezawa alimkazia macho. Hata hivyo alingoja hewa itulie, akarudi mlangoni na kunyoosha kidole kimya. Akaenda kwenye bomba, kimya vilevile. Mashine nayo haikulia.

Mzee alibaki akiitazama, mabega yamemlegea. Aliwaza dawa zote zilizotoka chumba hiki, zikaingia kwenye mishipa ya watu, naye akipaza sauti juu yake kila asubuhi. Kisha akasimama wima, akainua kidole polepole, akakielekeza kwenye mashine.

"Mkuu, tafadhali usi..."

"Mashine, sawa!"

Kengele ikalia.