Siku Mtani Wangu Aliponisifu

Barua ilikuja ndani ya kikapu cha mihogo. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akikaa Kisarawe jirani na kanisa, alimpa dereva wa lori la korosho, nami nikaipokea Kibaha kando ya barabara, mikono imejaa utomvu wa mkonge. Nilicheka kabla ya kuifungua. Nilijua imeandikwa nini: watoto wamepokewa shule ya kanisa kule Kisarawe. Mke wangu alikwisha kushona sare mbili, ya binti yetu na ya mdogo wake wa kiume. Mimi nami nilikwisha kumwona binti amevaa kofia nyeupe ya unesi, na mdogo wake anaendesha gari moshi, akifika stesheni ya Soga anapiga honi kunisalimu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, na shule ile ilikuwa bado mikononi mwa misheni. Ilipokea kwanza watoto wa waumini. Kambini kwetu, kwenye shamba la mkonge, shule haikuwepo. Mtoto asiyepata nafasi kule kwa bibi yake angekata mkonge kama baba yake, aliyeishia darasa la nne.

Nikafungua. Maombi yamekataliwa. Kamati imepata ushuhuda, iliandikwa, kwamba baba wa watoto huja kanisani siku za chakula tu. Kwamba hakufunga ndoa, bali alipewa mke kwa kuhurumiwa, mwaka wa njaa, kwa pakacha moja la korosho. Na kwamba ni mtumwa wa ukoo mmoja wa hapa. Asiyeridhika afike mbele ya kamati Jumamosi.

Niliketi juu ya kikapu, mihogo ikavunjika chini yangu. Niligeuza ile karatasi nikatazama nyuma, kama vile nyuma kungekuwa na barua ya kweli.

Nilimsomea mke wangu.

"Pakacha moja," akasema. "Hata mawili sikufika?"

Kisha akazikunja zile sare, akaziweka chini kabisa ya sanduku, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Kilichonipiga bumbuwazi zaidi ni kwamba maneno yale niliyajua. Niliyasikia kila nilipokwenda Kisarawe, kutoka kwa mzee mmoja wa kanisa. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi niliyezaliwa Kibaha, na sisi ni watani tangu safari za mababu zetu kuja pwani. Huniita mtumwa wake, nami humwambia uso wake ni nazi iliyoanguka kabla ya wakati wake. Watu hucheka, tunagawana ugoro. Lakini nani aliyaandika maneno yale, na kwa nini?

Jumamosi nilivaa viatu vya kuazima vya jirani yangu wa Sofu, hapo hapo Kibaha, vyeusi, vinabana, nikaweka cheti cha ndoa kifuani ndani ya shati. Nilipofika nilimpitia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Barua inasemaje hasa? Mimi nimesikia kwa watu tu."

Ningemsomeaje mkwe wangu habari za pakacha? Nikasema kuna neno halikueleweka, nakwenda kulinyoosha. Akaketi barazani kunisubiri.

Kamati ilikuwa watu watatu mezani: mchungaji, mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mama mgeni kutoka ng'ambo, hajamaliza mwaka nchini, mwenye Kiswahili safi cha kitabuni, na wa tatu, jamani, mtani wangu mwenyewe.

"Karibu, mtumwa wangu," akasema. "Viatu hivyo umemwibia nani?"

Yule mama akaandika.

Nilimwona kwa macho yangu akichovya kalamu na kuandika. Siku nyingine yoyote ningemjibu mzee palepale. Siku hiyo ulimi uligoma. Nikatoa cheti, nikakiweka mezani, nikamwomba mchungaji asome barua kwa sauti.

Mchungaji alikuwa mtu wa milima ya kaskazini, naye hakuwa ameiona. Alisoma. Alipofika kwenye pakacha, mzee alikuwa bado anatabasamu. Alipofika kwenye "yamekataliwa", tabasamu lilimtoka, akanitazama kama mtu aliyetupa jiwe kwenye mwembe akasikia mtoto analia.

"Nani kayasema haya?" akauliza.

"Wewe, mzee," akajibu yule mama kwa upole. "Nilikuuliza nje ya kanisa, baada ya ibada, kuhusu kila familia."

"Uliniuliza mbele ya watu wote. Juu ya mtani wangu. Ulitaka nimsifu?"

"Nilitaka kweli."

"Kweli ni kwamba ni mtani wangu."

Mchungaji akajitahidi kumweleza utani ni nini. Yule mama alisikiliza, masikio yakamwiva, na nilimwonea huruma, maana alikuwa hana ubaya. Lakini alisema jambo moja ambalo hata leo silioni kuwa la kijinga: cheti kinajibu habari ya ndoa tu. Habari ya imani inahitaji shahidi anayetufahamu, na shahidi ni huyu. Basi aseme sasa, bila mzaha, na neno lake ndilo litakaloandikwa.

Mzee akakohoa. "Mbele yake?"

"Mbele yake."

Akavua kofia yake, akaiweka magotini. Akasema nimeoa kanisani, na yeye alikuwepo. Akasema mwaka ule alipougua nilitembea kutoka Kibaha na kuku mgongoni, nikamlimia shamba siku nne, na kila jioni nikamsomea Zaburi nikikosea maneno. "Ni mtu mwema," akasema. "Watoto wake ni watoto wetu."

Hakuongeza hata tusi moja. Sijawahi kuogopa vile. Nilihisi kama nimelazwa ndani ya sanda na watu wananiaga. Nikalia mbele ya kamati, mtu mzima mimi, na mzee akatazama dirishani.

Yule mama akaichana ile barua vipande viwili, akaandika majina ya watoto wangu daftarini, yote mawili.

Nje, mzee alinishika mkono kwa nguvu.

"Umenitoa maneno ambayo hakuna Mzaramo aliyewahi kumwambia Mnyamwezi," akasema. "Lipa. Vua viatu."

Mtani akichukua kitu, hukatai. Nikavua. Akavitia kwapani, akaondoka zake, na mgongo wake ulikuwa unacheka. Nami nikapata ulimi wangu: "Nazi wewe, vitakubana."

Nilishuka kwa mama mkwe peku, macho mekundu, nikicheka peke yangu. Aliponiona aliinuka, akajishika kichwa.

"Wamewakataa watoto," akasema, "na viatu wamekunyang'anya?"

"Wamewapokea, mama. Wote wawili."

Akanitazama miguu, akaketi tena polepole, akauliza kama shule sasa inadai viatu vya wazazi. Mimi nilikuwa nimemkumbuka jirani yangu wa Sofu, anavisubiri viatu vyake.