Kitanda Kifupi cha Mashua ya Kiplombe

Nakumbuka Jumatano moja ya ujana wangu, mwanangu, niliyoamka nikiwa fundi hodari kuliko wote Eldoret, kwa hesabu yangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka Bungoma na msumeno mmoja, na sasa nilitengeneza kabati ambazo milango yake ilijifunga bila kelele. Tajiri wangu, Mzee Kamau, mtu wa Nyeri aliyekuwa na karakana hapa hapa Munyaka, alikuwa ameanza kunituma peke yangu kwa wateja. Kichwa kilivimba. Nawaona vijana wa leo wakipiga picha kazi ya mtu na kuicheka kwenye simu, na siwezi kuwalaumu sana. Mimi sikuhitaji hata simu.

Siku hiyo nilitumwa Kiplombe kwa Mwalimu Kiprono, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu mpole wa maneno machache. Kwa miaka tisa alikuwa akijenga mashua ya tanga ndani ya ghala lake la mahindi. Ndiyo, mashua, huku kwetu kwenye baridi, ambako maji mengi tuliyoyajua ni ya mvua. Majirani walimwita Nuhu. Alitaka kuipeleka Ziwa Victoria, akae humo na mkewe wiki nzima, wakipika na kulala humo humo. Mkewe, Mama Chebet, alikuwa amesema hatii mguu ndani ya sanduku hilo mpaka fundi wa kweli, mtu wa nje, aikague na kusema kwamba binadamu anaweza kuishi ndani. Fundi akikataa, ibomolewe, kwani mavuno yalikuwa karibu na mahindi hayakuwa na pa kuwekwa. Mwalimu alikubali. Kwa hiyo ujue, mwanangu, kwamba miaka tisa ya mtu ilikuwa mdomoni mwangu, na mdomo wenyewe ulikuwa umeanza kucheka kabla sijafika.

Nilipanda ngazi, nikateremka ndani. Kilikuwa chumba kimoja chembamba: kitanda upande huu, kitanda upande ule, meza katikati, jiko dogo karibu na mlango. Nikatoa pimamaji yangu, kile kibao chenye kichupa na povu ambacho fundi hutumia kujua kama kitu kimelala sawa. Labda ni jina lake lililonidanganya, nikadhani mwenye kupima maji anayajua maji. Nikaiweka juu ya jiko, jiko likayumba, kwa sababu lilikuwa limening'inizwa kwa pini mbili kama bembea. Meza ilikuwa na ukingo ulioinuka pande zote, hata makombo huwezi kufuta. Milango ya kabati haikufunguka mpaka uinyanyue kwanza. Vitanda vilikuwa vyembamba kama mabenchi ya kanisa, na kila kimoja kilikuwa na ubao umesimama ubavuni, kama cha mtoto mchanga. Na kile cha kushoto, juu ya hayo yote, kilikuwa kifupi. Nilijaribu kukilalia, miguu ikagonga ukuta.

"Mwalimu, hii ubao ya pembeni ni ya nini?" nikasema. "Mtu akitaka kushuka atashukaje? Wacha nikuonyeshe vile nafasi itaongezeka."

Niliuliza, lakini sikungoja jibu, na huko si kuuliza. Mwalimu alifungua kinywa, akakifunga, akasema, "Fundi ni wewe." Nikachukua msumeno nikaukata ubao wa kitanda cha kulia. Aliutazama ukianguka sakafuni kama mtu anayetazama jino lake lililong'olewa.

Mama Chebet alikuwa akingoja mlangoni pa ghala, mikono kifuani.

"Sema ukweli, fundi."

"Mama, huku hata mbuzi atalalamika."

Hakucheka. Alimgeukia mumewe. "Basi umesikia. Jumamosi itoke." Mwalimu alizikunja karatasi zake za michoro polepole, akazifunga kwa uzi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walisema, lakini masikio yangu siku hiyo yalijaa sauti yangu.

Ijumaa nikawa nasimulia habari hiyo karakanani, na wenzangu wanashika mbavu. Mzee Kamau akaacha kupiga randa.

"Ulimuuliza kwa nini alijenga hivyo?"

"Nilipima, Mzee. Kila kitu."

"Kupima umepima. Mimi nauliza kama umeuliza."

Alipangusa randa yake, akaiweka kando. "Wafula, huyo mwalimu amefundisha watoto hesabu maisha yake yote. Wewe unafikiri alikosea kupima urefu wa kitanda?" Mwanangu, nimekemewa mara nyingi, na makofi nimekula, lakini swali hilo liliniuma kuliko kofi lolote. Sikulala vizuri.

Jumamosi asubuhi tulipofika Kiplombe, vibarua sita walikuwa wamekwisha kuja na mitaimbo ya kubomolea. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya gunia, hatazami. Mzee Kamau aliwasalimu wote kwa mkono, mmoja mmoja, kisha akaomba ruhusa ya kuingia ndani. Naye hakuwa amewahi kuona mashua. Alivua kofia kama anayeingia kanisani, akaanza.

"Mwalimu, hii jiko mbona inacheza?"

"Upepo ukishika tanga, Mzee, mashua inalala upande. Jiko inabaki wima. Sufuria haimwagiki."

"Na hii ukingo ya meza?"

"Kikombe isikimbie."

Akauliza juu ya kabati. Akauliza juu ya vile vishikio vya mbao darini, ambavyo mimi hata sikuviona. Kila jibu lilipotoka, Mzee aliguna tu, "Kumbe!" Mwishowe akaketi kwenye ngazi, akasema kwa sauti ndogo, "Hii ni nyumba ya kuishi ikiwa imeinama. Na sisi tulikuja kuipima ikiwa imesimama."

Akatoka, akawaambia vibarua waweke mitaimbo chini, wafunge kamba pande mbili za mashua na kuzishika. Akapanga magurudumu ya zamani ya trekta pande zote mbili za mashua, ili ikiinama iegemee bila kuvunjika. Akamwomba Mwalimu abandike chai kwenye lile jiko la kubembea. Kisha akamwendea Mama Chebet kwa heshima. "Mama, nakuomba dakika tano tu. Lala hapo ndani. Ukitoka, wabomoe." Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye, akapanda. Alipewa kitanda cha kushoto, kile kifupi. Mimi nikaamriwa kulala cha kulia, kile nilichokipa nafasi.

"Vuteni!"

Ghala zima lililia. Mashua ikalala upande wa kushoto, na mimi nikatoka kitandani kama gunia linaloteremshwa lori, nikafikia sakafuni kwa kiwiko na sikio. Hakuna kilichonishika, kwa kuwa cha kunishika nilikuwa nimekikata mwenyewe. Wakavuta upande wa pili. Sasa kitanda cha Mama ndicho kilichokuwa juu, nikafumba macho nikisubiri kusikia mama wa watu akianguka. Sikusikia kitu. Nilipoyafumbua, alikuwa ameegemea ubao wake, ametulia kabisa, mkono chini ya shavu.

Hapo ndipo nilipoona, mwanangu. Nilitazama jiko: chumba chote kimeinama, lakini lenyewe limesimama wima, na chai inachemka taratibu bila tone kumwagika. Milango ya kabati ilikuwa imefungwa, hata mmoja haukufunguka. Nikainua mkono kutafuta pa kushika ili nisimame, na mkono ukakuta kishikio pale pale ulipokwenda, kana kwamba kilikuwa kikiningoja. Kila kitu nilichokicheka kilikuwa kinafanya kazi yake mbele ya macho yangu. Shuleni tuliimba "ukiona vyaelea, vimeundwa," sisi watoto wa bara ambao hatukuwahi kuona kitu kikielea ila jani mtoni. Siku hiyo, kwenye ghala lisilo na maji, niliielewa. Niliogopa, na nilifurahi, na niliona haya, vyote kwa pamoja.

Kisha sauti ya Mama Chebet ikatoka kitandani, ya chini.

"Mwalimu. Hii kitanda imenitosha. Mbona imenitosha hivi?"

Mwalimu alikuwa mlangoni, ameshika ukuta. "Nilikupima."

"Lini?"

"Ile Jumapili ulilala baada ya kanisa. Nilitumia uzi." Akalionyesha jiko kwa kidole. "Na jiko iko kwa kiwiko yako. Na hapo kwa kushikia, ni mahali mkono yako inafika."

Nje, vibarua walikuwa wanatokwa na jasho. Mmoja akapaza sauti, "Mama! Tuachilie ama tushikilie?"

"Shikilieni!" akajibu Mama Chebet. "Shikilieni kidogo."

Alilala hapo, akipapasa ule ubao kwa vidole. "Miaka tisa nimekuletea chai kwa mlango ya hii ghala," akasema, "na sijawahi kukuuliza unajengea nani." Baadaye ndipo aliponikumbuka pale sakafuni. "Na wewe, rudisha ubao ya wenyewe."

Niliurudisha, kwa siku mbili, bila kufungua mdomo. Mavuno ya mwaka huo yaliwekwa sebuleni kwa Mama Chebet, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Lori lilipokuja kuichukua mashua kwenda ziwani, yeye ndiye aliyekaa mbele na dereva.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sina nyingine kubwa kuliko hii. Kazi ya mtu usiihukumu kabla hujajua itatumika wapi na siku gani, maana kitu cha siku ya dhoruba huonekana kichekesho siku ya utulivu. Ukiuliza, ngoja jibu. Na ukikuta jambo limekuwa fupi kwako, au dogo, au la ajabu, usikimbilie kusema limekosewa. Tafuta kwanza limepimwa kwa mwili wa nani.

Nenda kwa amani. Mungu aongoze mikono yako, aulainishe ulimi wako. Akupe mtu atakayekaa miaka akikutengenezea kitu kwa kipimo chako bila kukwambia, na akupe moyo wa kumuuliza mapema, angali na nguvu ya kukujibu. Amina.