Chumba cha Saruji Nilichobadilishana na Mtani

Nilipohitimu shule ya ngumbaru kichwa kilinijaa elimu hata kofia ikaanza kunibana. Nikaona mtu wa aina yangu hawezi kuendelea kulala juu ya sakafu ya udongo. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi Mhehe, nimetoka Iringa kutafuta kazi Mbeya, na nilipanga chumba kule juu kilimani: matofali mabichi, paa la nyasi, sakafu ya kusiribwa kwa samadi ya ng'ombe.

Mke wangu alikuwa bado Iringa kwao, kwa sababu alikuwa na pumu tangu utotoni. Mkwe wangu alikwisha kunitamkia mbele ya ndugu zake: "Vumbi la udongo litamuua huyu. Ukipata sakafu ya saruji, njoo umchukue."

Sasa, niliyemjua mwenye saruji alikuwa mtani wangu, Mngoni, fundi seremala. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia sisi kazi ya kutukanana na kucheka. Alikaa chini ya duka la nguo lililojengwa kwenye mteremko. Mwenye duka alichimba chumba chini yake akakimwagia saruji sakafu na kuta. Pande tatu zilibanwa na ardhi, na mlango ulikuwa mmoja tu, kwa nyuma. Nilikiona wakati wa kiangazi. Sakafu ilikuwa kavu, nyororo, ungeweza kujitazama humo ukinyoa ndevu!

Jioni moja mgahawani nikamwambia, "Tubadilishane vyumba, mke wangu aje. Kifua chake hakiwezi vumbi."

Akapiga meza. "Chukua, mtumwa wangu! Mvua ikianza utalala na vyura. Utaota magamba, na mkeo atakuja kukuta kambare kitandani!"

Mgahawa mzima ulicheka, na mimi nilicheka kuwashinda, nusura chai initoke puani. Nikamjibu kwamba Mngoni hana haja ya saruji, kwani hata miguu hajaosha tangu vita. Kesho yake tukahamishana.

Mke wangu akaja. Akashika sakafu kwa kiganja, akatabasamu, tukaipaka nta nyekundu mpaka ikang'aa kama tunda. Halafu masika yakaingia. Mvua ya Mbeya hainyeshi ikaondoka, inahamia na familia yake. Nta ikafanya weupe, kisha ikaanza kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Unadeki kwa maji mengi mno," nikamwambia.

"Sijadeki tangu juzi."

"Basi maji haya yametoka wapi?"

"Wewe ndiye uliyesoma."

Niliyesoma nikaenda kununua zulia la mpira, nikafunika sakafu yote, ukuta hadi ukuta. Tukaishi kama magavana. Lakini ikaja harufu, na nilipoinua pembe ya zulia nikakuta kuvu nyeusi yenye manyoya ya kuweza kusukwa. Mke wangu alifunika sufuria kifudifudi juu ya saruji tupu, na asubuhi tulipoifunua ndani ilikuwa inadondosha matone.

"Maji yanapanda kutoka chini," akasema. "Zulia linayafungia tu." Alisema kwa vipande, maana pumzi ilikuwa haimtoshi. Siku hizo alikuwa akilala ameketi, ameegemea mgongo wangu.

Nikamwendea mwenye duka. Akanishangaa. "Kwani mwenzio hakukwambia? Kila masika alikuwa akinililia. Majora yangu ya nguo yenyewe yalioza humo."

Tukapanda kilimani, mimi na mke wangu, tukipumzika kila baada ya hatua chache. Mtani wangu alikuwa ameketi na mafundi wenzake wawili kwenye ile sakafu yetu ya samadi, kavu kama unga.

"Ulijua!" nikamwambia.

"Nilikuficha nini?" akacheka. "Vyura nilikwambia. Magamba nilikwambia. Tena hadharani!"

Wenzake wakacheka pia. "Ni kweli, alisema. Tulikuwepo."

Alisema kweli, lakini alijua nitamsikiaje. Na ningemshtaki wapi? Nani ataketi kusikiliza kesi ya mtu anayelalamika kuwa mtani wake kamtania? Nami mwenyewe ndiye niliyecheka kuliko wote.

Mke wangu ndiye aliyesema. "Shemeji, utani wenu mimi sikuolewa nao. Ulijua nina kifua?"

"Nilijua, shemeji."

"Basi turudishie chumba. Heri vumbi kuliko kuvu."

Akapapasa magoti yake. Hakutania. "Mle ndani magoti yalinivimba nikashindwa kusimama kazini. Sirudi, shemeji. Nisamehe, lakini sirudi."

Juma lile mke wangu akarudi Iringa. Mkwe alikwisha ahidi kumpokea, na chumba kingine sikukipata. Pale kwenye basi mtani wangu akatokea bila kuitwa, akamnyang'anya mpakizi sanduku la mke wangu, akalipandisha juu na kulifunga kamba mwenyewe. Kisha akanigeukia, uso umejaa kicheko.

"Mtumwa wangu, umebaki peke yako! Leo nani atakupikia, kambare wee?"

Watu wakageuka kunitazama, wakingoja nirudishe. Majibu saba yalinijia mdomoni, moja tamu kuliko jingine.

"Ahsante kwa msaada, bwana," nikamwambia. "Kwaheri."

Akabaki ameshika kipande cha kamba. Mngoni na Mhehe hawaambiani "ahsante, bwana"; hayo ni ya watu baki. Na basi likaondoka.