Dhambi ya Mwenzako Usiitaje

Kwa zaidi ya miaka arobaini nimekuwa katekista, nikiwafundisha watoto wa kigango chetu cha Nyololo namna ya kuungama. Namshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Somo la tatu lilikuwa fupi kuliko yote: taja dhambi zako, ya mwenzako usiitaje. Kila mwaka hakukosekana mtoto wa kuuliza, "Mwalimu, na kama tuliiba mahindi wawili?" Nami nilijibu, "Wewe taja mkono wako. Mkono wa mwenzako una mwenyewe." Walicheka. Mwanangu wa mwisho alikuwa mmoja wa waliocheka.

Alikua akawa fundi cherehani. Alipanga vyumba viwili kando ya barabara kuu, akaishi humo na mwenzake, fundi wa mashine za kukoboa mpunga kutoka Rujewa. Waliishi hivyo miaka sita. Sikukuu walikuja nyumbani wote wawili na mfuko wa mchele wa Usangu, na mke wangu akamwita yule kijana "mwanangu", kama anavyowaita wote. Mimi sikuuliza. Nadhani nilijua. Niliwaombea kila asubuhi, mengine nikamwachia Mungu.

Majirani hawakumwachia Mungu. Kuna mtu alipeleka maneno kwa mtendaji wa kata kwamba wale wawili wanaishi kama mume na mke, naye akamwita mwanangu. Mwenzake siku hiyo alikuwa kwao Rujewa. Nilifuatana na mwanangu, na njiani nikamwambia, "Ukiulizwa, sema kweli."

"Baba, kule si kanisani."

"Mungu ni yuleyule, kule na huku."

"Mungu, sawa. Na polisi je?"

Ofisini tulimkuta askari na karatasi zake. Mtendaji, niliyemwandaa mwenyewe kwa komunyo ya kwanza, alinisogezea kiti. "Karibu, Mwalimu. Tusaidie hili jambo liishe."

Nikamwamini. Sisi tuliolelewa na kitubio tunajua kwamba jambo likishasemwa limekwisha. Unapiga magoti, unasema, unapewa malipizi, unatoka mwepesi. Nilidhani ataonywa, atainamisha kichwa, tutarudi nyumbani kula. Mwanangu alikiri yaliyomhusu, kwa sauti ndogo. Askari akaandika. Kisha akauliza, "Na nani?"

 Mwanangu akageuka, akanitazama mimi. Ana miaka thelathini na minne, lakini alinitazama kama siku zile za mafundisho, akingoja nimkumbushe somo la tatu.

Nikaitikia kwa kichwa. Sema.

Akalitaja jina. Askari alisoma maelezo kwa sauti, mwanangu akatia sahihi, nami, kwa mwandiko wangu unaosifiwa parokia nzima, nikatia sahihi chini yake kama shahidi.

Walifungwa wote wawili. Sitaandika miaka mingapi. Mimi nina sabini na minane, na hesabu yao inazidi miaka niliyobakiza. Wangu yuko Mbeya, mwenzake yuko Iringa.

Nilikwenda kwa paroko nikaungama sehemu yangu, akaniondolea dhambi. Baadaye, tukiwa tumekaa nje, akaniambia, "Mwalimu, ziko nchi za Wakatoliki, watu wa misa na rozari kama sisi, zilizoifuta sheria kama ile iliyowafunga wale vijana. Wanaosema ni dhambi bado wanasema ni dhambi. Lakini wameiacha kwenye kitubio."

"Mbona husemi hivyo mimbarini, Padri?"

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu. "Wewe utasema kwenye jumuiya?"

Nilisema. Tulipomaliza kushirikishana Injili niliwaambia wanajumuiya kwamba imani yangu haijabadilika, naona ni dhambi. Lakini walichokifanya watu wazima wawili ndani ya vyumba vyao kina Mungu wa kukihukumu na padri wa kukisikia. Serikali haina ondoleo la kumpa mtu, ina pingu tu. Heri sheria hiyo iondolewe. Mama mmoja akasema, "Mwalimu, watoto wa watu umewafundisha wote. Wa kwako ulimwachia nani?" Wakacheka kidogo, tukafunga kwa sala.

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Zamu yetu ilipofika, walipita wakaenda nyumba ya mbele. Mke wangu alikuwa ameshafagia uwanja na kutandika mikeka.

Mara tatu nimekwenda Mbeya, na mara zote mwanangu amekataa kutoka kuniona. Mara ya tatu askari wa getini alirudi na ujumbe. "Babu, anasema ya kwake amekusamehe. Ila usije tena kabla hujafika Rujewa. Mimi sijui Rujewa kuna nini."

Mimi nilijua. Wakati wa kurudi nilishuka, nikauliza njia. Nilimkuta mama wa yule kijana anaanika mpunga juu ya turubai, akiupindua kwa miguu. Nikajitambulisha: baba yake fulani, wa Nyololo.

"Fundi nguo," alisema. "Alinishonea gauni la Pasaka." Akaendelea kupindua mpunga. "Yale maelezo yalisomwa mahakamani. Walisema yana sahihi mbili."

"Ya pili ni yangu, mama."

Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Nikamweleza yote, hata namna nilivyoitikia kwa kichwa. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Siku ile mwanangu alikuwa hapa," alisema. "Alipigiwa simu, akaambiwa akimbie, mwenzake ameitwa. Hata mimi nilimfungia nguo. Akakataa. Akasema, 'Mama, yule hawezi kunitaja. Amelelewa na katekista.'"

Nikainamia kikombe cha maji. 

Alitazama upande wa barabara, ambako wanawake wawili walikuwa wanakuja na ndoo. "Maliza maji, mzee wangu, uende. Wakiniuliza wewe ni nani, nitawaambia nini?"

Nikamaliza maji, nikamrudishia kikombe, nikaondoka kabla hawajafika.